Usiuze Ng'ombe kwa Sababu ya Injini

Wakulima wenzangu, napenda kusema machache juu ya pikapu za zamani, maana naona fedha nyingi za shamba zinakwenda katika magari haya, na mara nyingi hazileti faida yoyote. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, wala si fundi wa magari. Kabla ya kuingia kazi hii nilisomea ualimu, na watu wa huku kwetu Kinangop bado huniita mwalimu. Lakini karani wa kilimo hupanda magari ya watu wengi, tena huonyeshwa daftari za mapato na matumizi za watu wengi, na katika daftari hizo nimeona ya kwamba gari la zamani hula kuliko ng'ombe wote walio bomani.

Mwezi uliopita mkulima mmoja alikuja ofisini kuuliza bei ya ng'ombe wa maziwa mwenye mimba. Yeye ana ng'ombe watano, na alitaka kuuza wawili. Nilipomwuliza sababu alisema, "Mwalimu, gari langu limechoka. Nikipakia viazi halipandi mlima. Kijana wangu asema tuweke injini kubwa ya mtumba kutoka Japani, na matairi makubwa, na viti vizuri, nalo litakuwa kama jipya." Gari lake ni Toyota Hilux ya dizeli, ya aina ile iliyotengenezwa kati ya 1988 na 1997, na injini yake ni ile iitwayo 2L.

Sikumcheka hata kidogo. Mkulima anayetaka gari lenye nguvu na lisiloumiza mgongo hatafuti anasa. Maziwa ya asubuhi yafaa yawe yamekwisha kupozwa kabla ya muda wa saa mbili tangu kukamuliwa, na gari likikwama mlimani maziwa hurudi nyumbani yamechacha. Tena gari jipya ni mamilioni ya shilingi, na magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hiyo wengi wetu tutaendelea na gari tulilo nalo, na ni haki yetu kulitengeneza. Ninalopinga mimi ni kuanzia mwisho. Watu huanza na injini, ambayo ndiyo ya bei kubwa, kisha hununua vitu vya kupendeza macho, na breki hungoja mpaka ionekane kama kuna senti iliyobaki. Mimi nasema breki ziwe za kwanza, kisha afya ya injini iliyopo, kisha springi na kiti. Injini nyingine ingoje mwisho kabisa.

Nitasema juu ya injini kwanza, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa sana sokoni.

Injini hula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta tunayaona kwa sababu tunayalipia, lakini hewa hatuioni, na kwa hiyo tunaisahau. Kadiri mtu anavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, ndivyo hewa inavyopungua uzito. Hapa Kinangop tuko yapata mita 2,500 juu ya bahari, na hewa ya mahali pa namna hii ina uzito wa kadiri ya sehemu 78 katika 100 za ile ya pwani. Injini isiyo na tabo, yaani kile kipepeo cha kusukumia hewa ndani, huvuta kiasi kile kile cha hewa popote ilipo, lakini hapa kwetu kiasi hicho ni chepesi. Basi gari lile lile ambalo Mombasa lingekimbia vizuri, huku hupoteza zaidi ya sehemu moja katika tano ya nguvu zake, hata likiwa jipya kabisa.

Sasa na tufanye hesabu kidogo, kama ya darasani. Injini ya 2L ina ujazo wa sentimita 2,446. Injini ambayo kijana alitaka inunuliwe ni 5L, yenye ujazo wa sentimita 2,986. Chukua 2,986, zidisha kwa 78, gawa kwa 100. Utapata karibu 2,330. Maana yake, injini kubwa ikiwa Kinangop haipati hewa zaidi ya ile ndogo ikiwa Mombasa. Mtu aliyeuza ng'ombe wawili amenunua nguvu ambazo angezipata bure kama angehamia pwani. Sisemi ya kwamba nguvu hizo hazina kazi. Nasema ajue anachonunua.

Wako mafundi ambao hutaka kumaliza shida hii kwa njia fupi. Huifungua pampu ya dizeli kwa kuzungusha skrubu, ili mafuta yaingie mengi zaidi. Gari huruka kweli kwa siku chache, na mwenye gari hufurahi. Lakini hewa ya kuyachoma mafuta hayo itatoka wapi? Haipo. Mafuta yasiyopata hewa hutoka nyuma yakiwa moshi mweusi, na yale yanayochelewa kuungua huzidisha moto ndani ya silinda. Ukiona pikapu inapanda mlima ikiacha wingu jeusi juu ya kabeji za watu, jua ya kwamba mwenyewe anachoma fedha zake mbele ya macho yenu. Kwa kweli mahali pa juu kama hapa pampu hutakiwa itoe mafuta machache kidogo kuliko pwani, wala si mengi.

Wenye Peugeot 504 za petroli, zile zilizokuwa zikiunganishwa hapa Kenya, wana shida iyo hiyo katika kabureta. Hewa ikiwa nyepesi petroli huzidi, plagi huwa nyeusi kama sufuria, na gari hukohoa. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi, na fundi wa kabureta aliye mzee huijua bila kuambiwa.

Je, tabo yenyewe haifai? Inafaa sana kwa nchi ya milima, maana husukuma hewa ndani na kurudisha kile ambacho urefu wa nchi umekichukua. Lakini lazima iwe ni injini iliyoundwa tangu mwanzo kuwa na tabo, pamoja na pistoni zake, oili yake na njia zake za kupooza. Kufunga tabo juu ya injini ya zamani isiyozoea ni kama kumpa ndama pumba za ng'ombe mzima. Injini za jamii hii ya 2L zilizotoka na tabo zilijulikana kwa kupasuka hedi zikipata moto. Kama hata zile za kiwandani zilipasuka, ile ya kufungiwa chini ya mwembe itakuwaje?

Kabla ya kusema injini haina nguvu, ni lazima ujue kama nguvu ilizozaliwa nazo bado inazo. Barabara zetu ni za vumbi la kifusi, na chujio la hewa hujaa upesi kuliko vitabu vya gari vinavyosema. Litoe ulitazame kwenye jua. Kama mwanga haupiti, hewa nayo haipiti, nawe umeongeza mita mia kadhaa juu ya zile 2,500 ulizo nazo. Chujio la dizeli hukusanya maji na uchafu, na lina mahali pa kumwagia maji chini yake ambapo wengi hawajapafungua tangu waliponunua gari. Nozeli zikichakaa haziinyunyizi tena dizeli kama ukungu, huitema matone. Zipelekwe kupimwa kwenye mashine. Nafasi za valvu zipimwe pia. Kazi zote hizi kwa pamoja hazifiki hata nusu ya bei ya ng'ombe mmoja.

Tena uangalie unapojaza mafuta. Wako watu wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli, na ndiyo sababu mwaka 2018 Serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili faida ya wizi huo ipungue. Pampu ya gari hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Mafuta ya taa ni makavu, na pampu inayoyanywa husagika polepole mpaka asubuhi moja gari linakataa kuwaka. Bei iliyo rahisi mno kando ya barabara si zawadi.

Jambo la thermostati linanikasirisha, nami nitalisema wazi. Kuna desturi hapa nchini ya kuitoa na kuitupa, eti gari lisipate moto. Kile kidude kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke katika rejeta mpaka injini ipate joto la zaidi ya nyuzi 80. Ukikitupa, asubuhi zetu za baridi injini hukimbia mwendo mrefu ikiwa haijapata joto lake, dizeli haiungui vizuri, oili huwa nzito, na silinda huliwa. Kama gari linapata moto, sababu iko mahali pengine. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya mtoni, au kifuniko cha rejeta kilichochoka. Msisahau ya kwamba huku kwetu maji ya chai huchemka kwenye nyuzi kama 92 tu, si 100 kama vitabu vya shule vinavyosema juu ya pwani. Kifuniko kizima hushikilia maji ndani kwa nguvu ili yasichemke mapema. Kifuniko kilichofungwa kwa kitambaa hakiwezi.

Yule mkulima alirudi siku ya pili pamoja na kijana wake. Kijana ni mwerevu, na maneno yake yalikuwa na maana. Alisema, "Mwalimu, ukianza kusaga krenki, na kuweka pistoni mpya, na kurudisha hedi, utalipa zaidi ya bei ya injini ya mtumba. Kwa nini mzee atengeneze kitu kilichokufa?" Nilimjibu ya kwamba anasema kweli, kama kimekufa. Lakini nani amekipima? Hakuna aliyekuwa amekipima. Walikuwa wamesikiliza sauti tu.

Kuna kipimo cha kompresheni ambacho fundi hufunga penye nozeli au plagi ya moto, akazungusha injini kwa stata, na sindano ikaonyesha kila silinda ina msukumo gani. Silinda zote zikikaribiana na zikiwa katika kiasi kilichoandikwa na watengenezaji, injini hiyo bado ina maisha. Moja ikiwa chini sana, au zote zikiwa chini, hapo maneno ya kijana yana haki. Nyumbani pia unaweza kutazama kidogo. Injini ikiwa moto na inanguruma, fungua kifuniko cha kutilia oili. Moshi ukipuliza kama jungu la ugali, ringi zimechoka. Moshi wa kibuluu nyuma ni oili inayoungua.

Walikwenda kupima. Silinda zote nne zilikaribiana vizuri. Nozeli mbili zilikuwa zimechoka, na gurudumu moja la nyuma lilikuwa likishikwa na breki siku zote, hata gari likienda. Yaani kila siku lile gari lilikuwa likivuta viazi na kuvuta breki zake lenyewe. Unaweza kulijua jambo hili bila fundi: endesha mwendo mfupi bila kukanyaga breki sana, kisha simama uguse katikati ya kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja. Moja likiwa na moto kuliko mengine, hilo lina mkono wa breki usiotaka kuachia. Ng'ombe wake bado wanakamuliwa wote watano.

Sasa niseme juu ya uzito, maana hapa ndipo watu hujiongezea mzigo kwa fedha zao wenyewe. Wanatia vyuma vizito mbele kama vya gari la askari, vyuma nyuma, kibebeo juu ya kabini, na mbao nene kitandani. Gari tupu la kilo 1,300 likibeba tani moja ya viazi ni kilo 2,300. Ukiondoa kilo 230 katika hizo, kwa kupanda mlima ni karibu sawasawa na kuongeza sehemu moja katika kumi ya nguvu za injini, nawe hukulipa hata senti. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Basi magunia 20 ni tani moja, na tani moja ndiyo kazi ya pikapu ya namna hii. Mtu anayepakia magunia 35, tena mengine yamevalishwa kilemba juu, asije kuniambia ya kwamba gari lake halina nguvu.

Na matairi makubwa? Vijana huyapenda kwa sababu gari huonekana refu na kali. Lakini gurudumu likiwa na kimo cha sentimita 65, nawe ukaweka la sentimita 73, kila mzunguko mmoja gari husogea mbele zaidi, na kwa hiyo nguvu ya kuvuta hupungua kwa sehemu moja katika tisa hivi. Ni kama mtu aliyeshika jembe lenye mpini mrefu mno. Tena saa ya mwendo hudanganya: inasema 80 nawe unakwenda 90. Mwenye kuweka injini kubwa pamoja na matairi makubwa ametoa kwa mkono wa kushoto karibu nusu ya kile alichonunua kwa mkono wa kulia. Kama unataka gari livute zaidi, tafuta difu yenye meno ya kuvuta zaidi, ya gari lilo hilo. Litapunguza mbio barabarani, ni kweli, lakini viazi havina haraka hiyo.

Nageukia starehe. Wazee wengi huona haya kusema ya kwamba gari linawaumiza, kana kwamba starehe ni ya watu wa mjini. Si hivyo. Kitanda cha gari kinachoruka huumiza mzigo kama kinavyomwumiza dereva. Mama mmoja wa kata yetu, mfugaji wa kuku, alikuwa akipeleka mayai Naivasha, na kila safari alikuta mengi yamepasuka. Alinunua trei mpya, akaweka majani makavu, akamgombeza dereva. Shida ilikuwa chini. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amebeba mawe ya kujengea, akaongeza majani matatu katika springi za nyuma. Likiwa na mawe gari lilikaa sawa. Likiwa na mayai lilikuwa gumu kama mkokoteni. Fundi alirudisha springi katika hesabu yake ya kiwandani, akaweka shokamzoba mpya nne, na tangu hapo mama huyo anauza mayai yake badala ya kuyapika nyumbani.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wengi wa springi hawalisemi. Katika Hilux za namna hii kuna valvu nyuma, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, ambayo hupima kadiri gari lilivyolemewa. Likilemewa bodi hushuka, na valvu huruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu. Likiwa tupu bodi huinuka, na valvu hupunguza breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na kuteleza. Sasa ukiongeza majani ya springi, bodi haishuki tena. Umepakia tani moja na nusu, na ile valvu inafikiri gari ni tupu. Kwa hiyo yule aliyeimarisha springi ili abebe zaidi amejipunguzia breki kwa wakati uo huo. Kama ni lazima uongeze jani moja, mwambie fundi arekebishe fimbo hiyo baadaye.

Kiti nacho ni kazi ndogo. Sponji ya miaka thelathini imekwisha kuwa unga, na dereva huketi juu ya chuma. Nunua sponji ngumu, fundi wa viti aishone. Wengine huchukua viti vya gari dogo lililovunjwa, navyo ni vizuri, lakini vifungwe kwa bolti na sahani ya chuma chini ya sakafu, wala visichomelewe kwenye bati jembamba lenye kutu, na mikanda ya usalama iwe mizima. Raba za milango zikibadilishwa vumbi hupungua, na hata kelele. Upepo wa matairi upimwe: gari likiwa tupu, matairi ya nyuma hayatakiwi kuwa magumu kama siku ya mzigo. Hili la mwisho ni bure kabisa, na pengine ndilo litakalousaidia mgongo wako kuliko yote.

Nilisema ya kwamba breki ziwe za kwanza, na hii ndiyo sababu. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika mteremko wa kutoka huku kwetu kwenda Naivasha, nikakuta pikapu imelala kwa ubavu, imepakia viazi. Ilikuwa imewekwa injini kubwa majuma mawili tu kabla ya siku hiyo, na breki zilikuwa zile zile za zamani. Dereva alizoea kushuka polepole na gari lake dhaifu. Siku hiyo alishuka na gia ya nne, akawa anakanyaga breki mara kwa mara, mpaka zikapata moto na kukosa nguvu, akaona heri kuliingiza gari kwenye ukingo wa udongo. Yeye hakuumia. Kijana aliyekuwa ameketi juu ya magunia alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo hawezi kuchuchumaa kukamua ng'ombe. Injini yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa bado inanguruma tulipofika.

Nguvu ambazo breki zinapaswa kuzimeza haziongezeki sawasawa na mwendo. Gari likienda kilomita 80 badala ya 60, breki hupata kazi ya karibu mara moja na robo tatu, si mara moja na theluthi kama mtu anavyodhani. Na kwenye mteremko mrefu kazi hiyo haina mapumziko. Kwa hiyo kabla ya kuongeza nguvu yoyote, nunua pedi na lainingi nzuri, madrumu yapimwe kama hayajaliwa kupita kiasi, mipira ya breki iliyopasuka itupwe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakikaa miaka mingi huchemka upesi, na pedali huzama mpaka sakafuni siku unapoihitaji. Yabadilishwe kila miaka miwili. Na mteremko ushukwe kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, mzigo ukiwa huo huo. Vijana wasikae juu ya magunia. Najua ya kwamba nikisema hili nitaulizwa wakae wapi. Wangoje gari jingine.

Labda umefanya haya yote, na kipimo cha kompresheni kimesema injini imekwisha. Hapo nunua nyingine bila kuona haya. Kwa mwenye 2L, injini za 3L na 5L ni za ukoo mmoja nayo, nazo hukaa pale pale bila kukata chasisi, na ni rahisi kupatikana Nairobi katika maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga na kwingineko. Usichukue injini iliyooshwa ikang'aa kabla hujaisikia ikiwaka. Omba ipimwe kompresheni mbele yako, na mwuzaji akuandikie siku ngapi atakubali kuirudisha. Kabla haijaingia garini, badilisha mkanda wa taimingi, maana hujui umekimbia kilomita ngapi, na katika injini hizi ukikatika valvu hugonga pistoni na fedha zako zimekwisha siku hiyo. Mkanda huo hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Rejeta izibuliwe wakati injini ya zamani iko chini, kwa kuwa nafasi iko wazi na kazi ni nyepesi.

Kisha kuna karatasi. Namba ya injini imeandikwa katika kitabu cha gari, na injini ikibadilika ni lazima mabadiliko hayo yaandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ile NTSA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Weka risiti ya mwuzaji na karatasi za forodha za injini, maana utaulizwa imetoka wapi. Mwambie na mwenye bima yako. Pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na mkaguzi huinama kuisoma namba hiyo. Ikiwa haifanani na ya kitabuni gari litazuiliwa, na pengine itakuwa ni wiki ile ile viazi vyako vimekwisha kuchimbwa na viko shambani chini ya mvua.